Nusu ya Mia Nane

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo msisumbuke kuitafuta. Kama kuna nchi nyingine inayofanana nayo, mtanisamehe, mimi sijasafiri. Niliishia darasa la tano, na kazi yangu ilikuwa mizani.

Kiwanja chetu cha ndege kilikuwa Gendeka, kwenye nyanda za kahawa. Kilikuwa na njia moja ya kurukia, jengo moja la bati, na ndege moja ya kukodi yenye injini mbili na viti vya abiria wanane. Mwisho wa njia ya kurukia palikuwa na shamba la viazi vitamu, na baada ya shamba, Mlima Kifundo. Watu waliuliza kwa nini kiwanja kilielekezwa mlimani. Waliokuwepo walisema siku ya kuweka jiwe la msingi mgeni rasmi hakutaka jua limpige usoni, basi kila kitu kikageuzwa.

Mizani ilikuwa imeazimwa kutoka chama cha ushirika cha kahawa. Ilikuwa na uso mkubwa wa duara na mshale mwekundu. Abiria anapanda, mshale unatikisika, unatulia, ninaandika. Kwanza naandika kwa penseli, halafu nikishahakikisha naandika kwa wino. Huwa ninakandamiza sana. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alinichapa kwa ajili ya hilo, kwa sababu nilikuwa nikiharibu kurasa mbili kwa mara moja, lakini mkono haukuacha.

Rubani wetu alikuwa Kapteni Luhende. Alikuwa mtu mwembamba, kilo sabini na nne, na kwa miaka miwili niliyompima hakuwahi kuongezeka wala kupungua. Kila asubuhi alipanda mwenyewe kwenye mizani bila kuambiwa.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Soma, Siku."

Jina langu ni Sikudhani. Nikinong'ona namba, kwa kuwa naona haya kusema mbele za watu, aliinama kidogo na kuweka mkono sikioni.

"Kwa sauti, mdogo wangu. Namba si tusi."

*

Kisha Kanuni ikaja. Ilitoka ng'ambo ndani ya bahasha ngumu, na barua iliyofuatana nayo ilisema kwamba nchi isiyokuwa na Kanuni hiyo, ndege zake hazitapokelewa popote. Nasi tulitaka sana kupokelewa.

Kanuni ilisema hivi: ndege ya kukodi yenye injini mbili, ikizimikiwa na injini moja mara tu baada ya kuiacha ardhi, ni lazima iweze kuendelea kupanda kwa injini iliyobaki mpaka ivuke kila kikwazo kilicho mbele yake.

Mambo hayo yalikuwa chini ya Waziri wa Mambo ya Juu, Mheshimiwa Dokta Sambulugu. Yeye ndiye aliyesimamia kila kitu kisichogusa ardhi: ndege, mvua, minara ya simu na popo. Alikuja Gendeka kuizindua Kanuni. Alisimama jukwaani, akafuta jasho, akasema:

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo saa nne na nusu asubuhi, hakuna ndege itakayoanguka katika nchi hii bila kibali!"

Tulipiga makofi mpaka mikono ikawasha. Kanuni ikatiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa ukutani, juu ya mizani yangu. Nilihitaji siku tatu kuisoma yote, na nilipoielewa niliona ni kitu kizuri. Mtu aliyeiandika alikuwa anawafikiria watu walio ndani ya ndege.

Kapteni Luhende alifurahi kuliko wote. Alileta kitabu cha ndege, akanionyesha ukurasa wenye mistari mingi iliyopinda. Akafuata mstari mmoja kwa kidole hadi chini.

"Hapa Gendeka, kwa joto letu na mwinuko wetu, ndege hii ikibaki na injini moja itakivuka Kifundo kama imebeba kilo mia tano. Watu na mizigo, na mimi nikiwemo. Zikizidi, haivuki."

"Mia tano ni watu wangapi, Kapteni?"

"Watano. Sita, kama ni wakulima."

Mkurugenzi wa Anga, Bwana Mwinchande, alipopata habari hizo alikuja mbio, na alikuwa mtu asiyezoea mbio. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa kiasi kwamba ungeweza kujitazama humo.

"Kapteni, ndege ina viti vinane. Hivi vitatu vitakaa vikifanya nini?"

"Vitakaa vitupu, Mkurugenzi."

"Kiti cha serikali hakikai kitupu," alisema Bwana Mwinchande, na mara nikaona ameanza kufikiri.

*

Alifikiri kwa nyaraka.

Waraka wa kwanza ulihusu joto, maana kitabu kilisema ndege hupanda vibaya penye joto kali. Kipimajoto cha kiwanja kikahamishiwa ndani ya jokofu la soda la kantini. Tangu siku hiyo Gendeka ikawa na nyuzi joto sita mchana kutwa, na mama wa kantini akakatazwa kuuza soda wakati ndege inaruka, kwa kuwa akifungua mlango hali ya hewa inabadilika.

Waraka wa pili ulihusu mlima. Kifundo kilikuwa na mita mia tatu na kumi kutoka kiwanjani. Gazeti la Serikali likatangaza kwamba, kutokana na juhudi za Wizara, sasa kina mita tisini. Kibao kikachomekwa mwanzo wa njia ya kupandia mlima. Wanawake wanaokata kuni walikisoma, wakapumzika kidogo kwa furaha, kisha wakapanda kwa saa mbili kama zamani.

Waraka wa tatu ulinihusu mimi. Uliitwa Waraka wa Uzito wa Heshima. Ulisema kwamba mheshimiwa ni mtumishi wa watu, na mtumishi hawezi kuwazidi watu wake, kwa hiyo kila mheshimiwa atahesabiwa kilo hamsini. Atapimwa, ndiyo, kwa sababu Kanuni inataka abiria wapimwe. Lakini atapimwa nyuma ya pazia, na atakachokiona mpimaji ni siri ya nchi.

Pazia lilikuwa la kijani. Wa kwanza kuingia alikuwa Mheshimiwa Dokta Sambulugu mwenyewe. Alipanda, mbao zikalia, mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama kwenye mia moja thelathini na moja. Akanitazama.

"Binti, unaona ngapi?"

Nilitazama chini.

"Hamsini, Mheshimiwa."

"Una macho mazuri," akasema, na akanipa peremende.

Niliila. Ilikuwa ya mnanaa.

*

Luhende hakuridhika na nyaraka. Alikwenda kwa Mkurugenzi akatoa ombi dogo: wapakie magunia ya mahindi yenye uzito wa waheshimiwa wanane, wao wabaki chini, yeye apande nayo juu sana, azime injini moja huko angani, kila mtu aone ndege itafanya nini.

"Tuzime injini ya serikali kwa makusudi?" Bwana Mwinchande aliuliza, akashika kifua. "Na mahindi ya watu yakianguka?"

Badala yake ikaandaliwa Siku ya Uthibitisho. Palikuwa na mahema, bendi ya polisi, na ubao mweusi ulioletwa kutoka shule ya msingi ambayo nilikuwa nimeiacha. Nilipouona ubao ule niliutambua. Ulikuwa na ufa ule ule pembeni.

Ndege ikapaa tupu, injini zote mbili zikiunguruma, Luhende ndani na karani mmoja mwenye saa. Walipotua, karani akasoma: futi mia nane kwa dakika. Bwana Mwinchande akaandika mia nane ubaoni kwa tarakimu kubwa.

"Injini mbili, mia nane. Tukiondoa moja, zinabaki ngapi?"

"Mojaaa!" mahema yakaitikia.

"Mkurugenzi, si hivyo." Luhende alikuwa ndiyo kwanza anavua vidude vyake vya masikioni. "Nguvu nyingi ya injini inakwenda kuishikilia ndege isishuke. Kile kidogo kinachosalia ndicho kinachoipandisha. Ukiondoa injini moja hujaondoa nusu ya kupanda, umekiondoa karibu chote kile kidogo. Na ukiiongezea mzigo, hakuna kinachosalia kabisa."

"Kapteni, usituletee hesabu za chuo. Hii ni hesabu ya wananchi." Akageuka akitafuta mwananchi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ngoma kubwa ya bendi, lakini aliniona. "Binti Mizani! Njoo hapa. Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Umemaliza?"

"Sikumaliza."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini masikio yangu yakawaka moto.

"Tuambie basi, bila kuhitaji chuo. Nusu ya mia nane ni ngapi?"

Sasa niwaambieni jambo ambalo sikulisema siku ile. Nyumbani kwetu maji yalikuwa bondeni. Mimi na wifi yangu Zaituni tulikuwa tukiyapandisha kwa mkokoteni, madumu kumi, tukisukuma bega kwa bega. Wawili tulikuwa tukienda polepole, lakini tulikuwa tukienda. Siku moja mkanda wa ndala za Zaituni ulikatika katikati ya kilima, akaachia. Mkokoteni haukuendelea kupanda kwa nusu ya mwendo. Ulisimama kidogo kama unaofikiri, halafu ukanirudia. Kovu liko kwenye mguu wangu wa kulia mpaka leo. Yale maneno ya Luhende yaliyokuwa magumu kwa mahema yote, mimi nilikuwa nayajua kwa mguu wangu.

Lakini Mkurugenzi hakuniuliza habari za mkokoteni.

"Mia nne," nikasema.

"Haya! Hata asiyemaliza darasa la tano anajua!" Akaandika mia nne. Bendi ikapiga. Wiki iliyofuata Gazeti la Serikali likaandika kwamba uwezo wa ndege kupanda kwa injini moja ikiwa na mzigo wowote umethibitishwa na wataalamu pamoja na mwananchi wa kawaida, na kwamba tangu sasa uthibitisho huo utaitwa Ushahidi wa Sikudhani. Mama yangu alilikata gazeti akalibandika ukutani.

Luhende nilimkuta akifuta kioo cha ndege. Nikasimama nyuma yake.

"Umejibu sawasawa, mdogo wangu," alisema bila kugeuka. "Nusu ya mia nane ni mia nne."

Angenitukana ningelala usingizi.

*

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda mji mkuu, kwenye Mkutano wa Usalama wa Anga. Waliosafiri walikuwa waheshimiwa wanane, Waziri akiwa wa kwanza na Mkurugenzi akiwa wa mwisho. Saa saba mchana, jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalia. Ndani ya jokofu ilikuwa nyuzi sita.

Walikuja na maboksi matatu. Ndani yake mlikuwa na nakala za Kanuni, jalada gumu, maandishi ya dhahabu, za kuwagawia wajumbe ili waone jinsi tunavyoiheshimu. Niliyapima moja moja. Kilo tisini na sita.

"Hayo andika sifuri," Bwana Mwinchande alisema. "Ile ni sheria. Wewe umeona wapi sheria ikipimwa kwa kilo?"

Waheshimiwa wakaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, wakanitazama mmoja mmoja, nami nikawaambia hamsini mmoja mmoja. Lakini mkono wangu ulikuwa na mazoea yake. Kwa penseli ulikuwa ukiandika kile mshale unachosema. Nilipojumlisha ya penseli, waheshimiwa na maboksi na Kapteni, nikapata mia tisa arobaini na moja. Ya wino ilikuwa mia nne sabini na nne.

Nikamwona Luhende amefunua ncha ya pazia.

"Siku."

"Abee."

"Humu ndani uko peke yako. Ni wewe tu uliyeuona mshale. Mshale umesema ngapi?"

Nikazifunika namba za penseli kwa kiganja.

"Nikiwaambia ni wazito kwa kuwatazama kwa macho, watasema rubani mwoga na hana adabu. Nikiwa na namba ya mizani, Kanuni ile ya ukutani inasimama upande wangu. Siruki, na hakuna wa kunigusa. Nataka namba tu."

"Na usipopata namba?"

"Nikikataa hivi hivi, yule pale mpwa wa Waziri ameshavaa kofia ya rubani. Ana saa arobaini za angani. Injini ikimzimikia ataivuta ndege juu kama walivyomfundisha ubaoni, na itaanguka kama jiwe. Afadhali niwe mimi." Akainama, akaweka mkono sikioni kama kila asubuhi. "Leo nong'ona. Leo sitakwambia useme kwa sauti."

Chini ya pazia, upande wa pili, niliviona viatu vya Bwana Mwinchande. Vilikuwa vimesimama, ncha zimetuelekea.

Ningependa kusema niliogopa kufukuzwa kazi. Ingekuwa na heshima kidogo, kwa kuwa mama yangu alikuwa ananitegemea. Lakini sikufikiria kazi, wala sikumfikiria mama. Nilikuwa naona haya. Niliona haya kutaja kilo za wanaume wazima, wakubwa, mbele ya viatu vyao.

"Ni kama ilivyoandikwa, Kapteni. Mia nne sabini na nne."

Alikaa ameinama vile vile kwa muda, mkono sikioni, kama mtu anayesubiri namba iendelee.

"Haya, mdogo wangu," akasema. Akaweka sahihi yake chini ya namba za wino, kiganja changu kikiwa bado juu ya zile za penseli, akaenda.

Mimi nikachukua ufutio nikafuta ya penseli, zote, mpaka karatasi ikawa nyembamba. Vumbi la ufutio nikalipuliza.

*

Ndege ilitumia njia yote ya kurukia, na kipande cha mbele yake ambacho siku zote nilidhani ni majani tu. Ilipoiacha ardhi, injini ya kushoto ikakohoa mara mbili. Panga lake linalozunguka likasimama. Nililiona kabisa, limesimama wima kama mkono wa mtoto anayetaka kujibu darasani.

"Msihofu," mmoja wa wapiga bendi alisema nyuma yangu. "Sasa itapanda mia nne."

Ndege ilikaa kidogo hewani kama inayofikiri. Nikajishika mguu wa kulia.

Luhende hakuivuta juu. Aliinamisha pua, akaileta chini taratibu mbele ya mlima, akailaza kwenye matuta ya viazi vitamu. Iliruka tuta hadi tuta, ikapoteza gurudumu, ikageuka ubavu, ikatulia. Vumbi jekundu likapanda, na siku ile ndilo pekee lililopanda.

Hakuna aliyekufa. Waheshimiwa wanane walitoka wakiwa na majani ya viazi kichwani. Waziri alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Alisimama kwenye tuta kwa soksi, akauliza, "Kwa nini tumeshuka?" Maboksi ya Kanuni yalikuwa yamechomoka nyuma yakamfuata rubani mbele. Ndiyo yaliyomvunja mguu, sehemu mbili.

Mama mwenye shamba aliandikiwa barua ya onyo, kwa kuweka matuta mbele ya ndege ya serikali.

*

Tume ilikaa kwenye jengo letu la bati. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu mwenye sauti nzuri. Luhende aliletwa kwa magongo.

"Kapteni, injini moja ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Kanuni inasema ndege iendelee kupanda."

"Inasema."

"Ushahidi wa Sikudhani unasema ingepanda futi mia nne kwa dakika."

"Unasema."

"Na mlima una mita tisini."

"Kwenye kibao, Mwenyekiti."

"Basi ndege ilikuwa na haki zote za kupanda. Haikujishusha. Ni wewe uliyeishusha."

"Ni mimi. Ndiyo maana Mheshimiwa Waziri yupo hapa, anakunywa maji."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Mheshimiwa Dokta Sambulugu akaweka glasi chini.

"Mwenyekiti," Luhende alisema, "ndege ilikuwa nzito mno. Kama ilikuwa nzito, nisingeweza kupanda, na nilikuwa na haki ya kushuka. Mpimaji yupo. Muulizeni mshale ulisema ngapi. Yeye tu."

Wote wakanigeukia. Daftari langu lilikuwa mezani mbele yao, limefunguliwa kwenye ukurasa wa safari ile. Ulikuwa safi, wa wino tu, hamsini, hamsini, hamsini. Lakini ukurasa uliofuata ulikuwa umenyanyuka kidogo kwa upepo wa dirishani, na mwanga ulikuwa unaupiga kwa ubavu. Nilipokuwa nimesimama niliziona namba zote za penseli. Mia moja thelathini na moja. Mia moja kumi na mbili. Tisini na nane. Zilikuwa zimechimbika kwenye karatasi bila rangi, kwa ule mkono wangu uliochapwa bure. Mtu alihitaji tu kuinamisha daftari kuelekea dirishani.

"Binti," Mwenyekiti alisema kwa ile sauti nzuri, "usiogope. Mshale ulisema ngapi?"

Nilifungua mdomo. Waheshimiwa wanane walikuwa mstari wa mbele, nami nilikuwa namjua kila mmoja kwa kilo zake.

"Sikumaliza shule, Mwenyekiti," nikasema. "Namba kubwa kubwa zinanichanganya."

Pakawa na mnong'ono wa huruma. Mtu akasema, "Masikini."

"Anajua kusoma," Luhende alisema polepole. "Alikuwa ananisomea kila asubuhi."

"Alikuwa anasoma namba ndogo," Mwenyekiti alisema, akafunga daftari.

Luhende alipatikana na kosa la kushusha ndege iliyoruhusiwa kupanda. Akanyang'anywa leseni ya urubani maisha yake yote. Mkurugenzi Mwinchande akapandishwa cheo akawa Mkurugenzi Mkuu, maana mtu aliyeanguka na ndege sasa alikuwa na uzoefu. Mpwa wa Waziri akapewa ndege iliyonunuliwa baadaye, na naambiwa ni kijana mwangalifu, haruki kukiwa na wingu. Mimi nikapewa cheti cha Uaminifu wa Vipimo, na kiti cha kuzunguka.

Kiti kilikuwa cha ngozi nyeusi, chenye kipini pembeni cha kukipandisha. Kilikuwa na ugonjwa. Nikikipandisha asubuhi, kufika saa sita kimeshanishusha mpaka meza inanifika kidevuni.

*

Mwaka mmoja na miezi miwili ulipita. Asubuhi moja, watu wakiwa kwenye foleni ya kupimwa na mizigo yao, nilisikia gongo sakafuni. Kapteni Luhende alikuwa amebeba mfuko wa viazi vitamu wa kumpelekea dada yake mji mkuu. Viazi vilitoka kwenye lile shamba. Yule mama alimruhusu kulima kipande, matuta ambayo ndege iliyavuruga.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Sasa si Kapteni." Akaweka mfuko kwenye mizani. Nikausoma kwa kunong'ona, kilo kumi na moja, nikauandika. Akautoa. Halafu, kwa mguu wake mzuri kwanza, akapanda yeye.

"Asiyesafiri hapimwi," nilisema. "Mfuko tu ndio..."

"Najua. Fungua pazia."

Nikafungua. Foleni yote ikatutazama.

"Soma, Siku."

Mshale ulikuwa umetulia. Nilijua namba yake ya miaka yote, na haikuwa pale.

"Hamsini na nane," nikanong'ona.

"Kwa sauti."

"Hamsini na nane!"

"Ondoa na gongo, robo kilo." Akashuka polepole, akiwa ameshika ukuta chini ya ile fremu ya kioo. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama vile alivyokuwa anatazama vyombo vya ndege yake, kuona kipi kinafanya kazi. "Kumbe unasoma vizuri," akasema. Akachukua risiti ya viazi, akaondoka, gongo likigonga sakafu.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Mkurugenzi Mkuu Mwinchande. Alipanda bila kusubiri, akatazama saa yake.

"Funga pazia, binti. Andika hamsini."

Mkono wangu ulikwenda kwenye pazia. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Kisha nikasikia mtu anasema namba, na watu kwenye foleni wakageuza vichwa, na nikajua ni mimi.

"Mia moja na kumi na tisa."

"Umesema nini?"

Akashuka. Akavua koti, akapanda tena. Mshale ulitikisika, ukarudi karibu pale pale.

"Mia moja na kumi na nane," nikasema kwa sauti kubwa zaidi, nikimtazama mtu wa mwisho kwenye foleni, kisha mlango uliokuwa wazi nyuma yake.

Nilisikiliza. Sikusikia gongo. Kapteni alikuwa ameshafika barabarani.